Muuza Halua na Babu Yake wa Maskati

Watu wakitaka kumsimulia mtu huanza na babu yake. Mimi huko sianzi. Babu wa huyu ninayemsimulia aliwasumbua watu wa kutosha mjini Morogoro, na aliyesumbuka kuliko wote ni mjukuu mwenyewe. Nitaanza na halua, maana halua niliila kwa mdomo wangu, na babu sikumwona.

Alikuwa muuza halua wa sokoni, zamani za Mdachi. Duka lake na duka langu yalitumia ukuta mmoja. Kabla sijawa na duka nilikuwa mchukuzi wa ulanga, yale mawe ya kumetameta kama kioo, tukiuteremsha kutoka machimbo ya juu Uluguru mabegani, na njia zenyewe mbuzi anafikiri kwanza kabla ya kuweka mguu. Shule yangu ilikuwa mzigo. Herufi nilijifunza ukubwani kwa kutazama maandishi ya magunia, na bado nimejenga nyumba ya bati wakati waliosoma walikuwa wanapanga vyumba. Nasema hivi ili msomaji ajue anayesema naye ni nani. Nikiona kitu nakitaja jina lake.

Siku hizo za uchukuzi ndipo nilipomjua. Tukishuka mlimani, mabega yamevimba, tulipita mbele ya duka lake, naye alituita. Alikuwa ameshamimina halua, na chini ya sufuria kubwa ya shaba umebaki ukoko. Ukoko ule alitugawia bure, kila mtu na jani lake la mgomba. Mnunuzi aliyeomba kupunguziwa kabla hajasalimia alifukuzwa, lakini mchukuzi alikula bila hata kusema ahsante. Huku tukila, alituuliza maswali. Mmeshuka kwa njia gani? Lile gogo la kuvukia bado lipo? Mwaka huu maharage ya kule juu yamezaaje? Sisi tulijibu tu, tukiramba vidole. Baadaye sana ndipo nilipojiuliza, Mwarabu anataka nini na gogo la kuvukia?

Maana alikuwa Mwarabu. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na boma lilimhesabu hivyo. Babu yake, alisema, ni mtu wa Maskati, aliyekuja bara na misafara akaacha mbegu. Rangi haikuwa hoja; pwani nimeona Waarabu weusi kuniliko. Alivaa kilemba hata akikoroga halua, jasho linamtiririka mpaka shingoni, na kila jambo alilianza kwa "kwetu Maskati". Mvua ikinyesha, kwetu Maskati mvua hunyesha hivi. Mtu akioa, kwetu Maskati huoa hivi. Mkewe, ambaye alikuwa Mluguru wa Mgeta, Mwislamu safi, mfupi, mwenye macho ya kucheka, alikuwa anapepeta iliki kando yake wala hainui kichwa.

Kijana wa leo atasema, sasa Uarabu wa nini? Hakuiona zamani ile. Mdachi alikuwa na sheria yake: Mwarabu na Mhindi hawachapwi kiboko, wala hawakamatwi kwenda kubeba mizigo ya serikali au kulima barabara. Sisi wengine tulilala kifudifudi mbele ya boma. Mimi nimechapwa, sifichi, na alama ninazo. Kwa hiyo babu wa Maskati hakuwa pambo. Alikuwa jambo la ngozi ya mgongo.

Na bado hakuufurahia uzima wa mgongo wake. Siku ambayo watu wanachapwa bomani, sauti inafika sokoni, alifunga duka. Ukimwuliza, alisema samli imeharibika. Samli yake iliharibika mara nyingi, bwana. Siku niliyochapwa mimi, aliniletea halua nyumbani, bado ya moto, akaiweka mlangoni akaondoka bila kubisha hodi.

Alikuwa na kiburi, na kiburi chake kilichekesha. Kisu chake alikifuta kila baada ya pande moja kana kwamba anamkatia sultani. Alisema halua haitaki mtu mwenye haraka wala mtu mwenye huzuni, kwa sababu mwenye haraka huikoroga mbichi na mwenye huzuni huisahau ikaungua. Ndizi hakula mbele ya watu. Mluguru hutaniwa kwa ndizi, basi yeye alizitazama zikipita sokoni kama mtu anayetazama mke wa mwenzake. Ila uani kwake palikuwa na moshi wenye harufu ninayoijua, na siku moja nilipochungulia juu ya ua nilimwona amechuchumaa na ndizi ya kuchoma mkononi, kilemba kimelala kwenye goti. Aliniona nami nikamwona. "Ni ya mke wangu," alisema. "Naionja kama imeiva."

Mwendo wake ndio ulioniumiza ulimi. Mtu wa milimani ukimwona uwandani utamjua, anainua magoti, mguu unatafuta mawe yasiyokuwepo. Yeye alitembea hivyo, ndani ya joho. Nami ni Mzigua, na Mzigua na Mluguru ni watani tangu mababu. Nikimwona Mluguru nisimtukane, ugali haushuki. Lakini mtu akisema yeye ni Mwarabu, utamtania kwa haki gani? Nilinyamaza miaka. Badala yake nilimtania mkewe.

Yule mama alikuwa na ulimi. Nilimwambia ameshushwa huku chini na wazee wake kwa sababu mlima umemchoka. Yeye alinirudishia lile lile tunalorudishiwa Wazigua siku zote, kwamba zamani za njaa tuliuzana wenyewe kwa wenyewe kwa pishi ya mtama. Kwa mtu mwingine ningeshika rungu. Kwa mtani nilicheka mpaka machozi, nikatafuta baya zaidi la kesho. Mumewe, tukitukanana hivyo, alikoroga sufuria yake akiuma mdomo wa chini. Mimi nilidhani anachukia kelele.

Sasa ile safari. Akida wetu alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu iliyopigwa pasi, na masikio yake yalisikia kila uchochoro. Maneno yalimfikia kwamba muuza halua ana shangazi huko Mgeta. Akamwambia, si kwa ukali, akiwa amesimama pale pale dukani anakula halua ya watu, kwamba ingekuwa vizuri akipatikana mtu wa kumshuhudia huko kwao Maskati, maana bwana mkubwa wa boma hapendi kudanganywa, na akidanganywa anamchapa aliyedanganya na akida pia.

Haukupita muda mrefu, mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, anayemuuzia viungo, alikuwa anakwenda Bombei, na akakubali kumchukua kama msaidizi wake. Meli wakati wa kurudi ingetia nanga Maskati siku nzima. Mkewe akasema anakwenda naye. Akaambiwa safari si ya wanawake. Akasema, "Kama babu yupo, nataka kumwamkia." Mkaidi yule. Alikwenda.

Waliporudi, muuza halua aliisimulia siku ile ya Maskati kwa muda mrefu kuliko safari yenyewe. Ngome mbili juu ya majabali, moja huku na moja huku, bandari katikati. Ukuta wa mji na lango lake. Masoko yenye vichochoro vilivyoezekwa kwa makuti hata jua linaingia kwa matundu, na harufu ya ubani, ndimu kavu, papa mkavu na tende. Na katika mji wa kale, mlango wa babu. Mlango huo aliuelezea kwa mikono yote miwili, watu wakaacha kununua wakasikiliza.

Mkewe aliniambia mimi siku ile ile kwa namna nyingine. Tulikuwa tumekaa kwenye kizingiti, anamenya maharage, nami namsaidia vibaya. Hii ndiyo ninayoiamini.

Walishuka kwa mashua asubuhi. Mume akatangulia, kwa sababu alisema njia anaijua kwa damu. Damu ikawapitisha mbele ya muuza ndimu kavu yule yule tena na tena, hata yule mtu akaanza kuwasalimu kama majirani. Mume akauliza njia kwa Kiarabu. Tatizo, mama alisema, Kiarabu cha mumewe kilikuwa cha dua. Kila alipouliza, watu waliinua mikono wakaitikia Amin, wakapita.

Yeye mwenyewe hakuusumbukia mji sana. Alitazama milima. Hajawahi kuona milima kama ile, alisema, mirefu, myeusi, haina jani hata moja, kama imenyolewa kwa ajili ya msiba. Aliwahurumia watu wale. Aliuliza wanalima wapi, hakuna aliyejua kumjibu.

Katika mji wa kale walifika kwenye mlango mkubwa wa mbao, umechorwa maua na minyororo, una misumari ya shaba kama matiti, na ndani yake mlango mdogo wa kuinama. Mume akasimama. Akasema, huu ndio. Mke akamwuliza amejuaje. Akasema moyo unajua. Akabisha. Kikongwe mmoja akatokeza dirishani juu, akauliza wanataka nini. Mume akamjibu kwa lile alilokuwa nalo. Kikongwe akasema Amin, akafunga dirisha.

"Nikamwonea huruma," mama aliniambia. "Alisimama pale kilemba kimekaa upande, kama mtu aliyefika arusini akakuta wameshakula."

Akamshika mkono, akampeleka sokoni wakatafute kitu cha kutia tumboni. Na hapo mume wake akafanya jambo ambalo hakuna mtu mwingine duniani angelifanya. Walifika kwa mpishi wa halua. Akaionja, akafumba macho, akayafumbua. Akamwambia mwenye duka, kwa Kiswahili maana pale wengi wanakijua, kwamba hii si halua ya Maskati. Mtu na sufuria yake, na babu zake saba wamepika hapo hapo, anaambiwa na mtu wa Morogoro. Mwenye duka aliweka kisu chini. Watu wakaanza kusogea.

Aliyewaokoa, mama alisema, ni mkorogaji. Mzee mweusi, amekauka, anakoroga sufuria kwa mwiko mrefu kama kasia. Alikuwa ameisikia sauti ya mama, namna Waluguru wanavyoyavuta maneno, akauliza bila kugeuka, "Nani kaufungulia mlima, Waluguru wakatoka?" Alikuwa Mzigua. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto.

Mama akasimamisha maharage hapo, akacheka peke yake.

"Ukamjibuje?" nikamwuliza.

"Alijibiwa."

"Na mumeo alikuwa wapi?"

"Alikuwa pale pale. Ana halua mdomoni."

Zaidi ya hapo hakusema, nikabandua ganda nikamwacha. Mtani hasukumwi.

Akida alipokuja kutaka ushahidi, aliyetoa ni yule mama. Alisimama mbele yake ameshika ncha ya khanga, akautaja mlango wote, maua yake, minyororo yake, misumari yake, na ule mdogo wa kuinama. Akasema, "Mlango huo nimesimama mbele yake kwa miguu yangu, akida. Mume wangu aliubisha, na bibi mkubwa wa ndani alituitikia." Hakuna neno la uongo hapo, litafute. Akida, aliyekuwa hajavuka hata Unguja, aliitikia kwa kichwa kama anayeujua mlango. Muuza halua akabaki Mwarabu, na mgongo wake ukabaki mzima.

Halafu mama akafa. Ilikuwa masika mabaya, homa ilimchukua kabla mvua haijakatika. Mto umefurika, njia ya Mgeta imeporomoka, na maiti ya Mwislamu hailazwi. Ndugu zake wa mlimani hata habari walikuwa hawajaipata. Tulikusanyika pale mjini, majirani, watu wa msikitini, akida naye na mwavuli wake.

Mimi nilifanya lililo haki yangu. Jeneza lilipoinuliwa nililala mlangoni, mzimamzima, kwenye matope. Mtani hufanya hivyo. Maiti haipiti mpaka watu wake wamjibu mtani, wamtukane, wamtupie kitu kidogo, unga au kuku, ndipo anainuka. Mtu anayetoka nyumbani bila mtani kulala, au mtani amelala na hakuna wa kumjibu, ametoka kama mtu asiye na kwao. Nikasema kwa sauti, "Huyu Mluguru wangu haondoki. Watu wake wako wapi? Au hana watu?"

Mvua tu juu ya bati langu. Wabeba jeneza wanatazamana. Nami nimelala pale najua siwezi kuinuka bila kujibiwa, na siwezi kumzuia maiti, na nilianza kumlaumu mwenye mito kwa kuifurisha. Muuza halua alikuwa amesimama kichwani pa jeneza, kilemba kimelowa. Nikaona miguu yake inakuja. Akasimama juu yangu, akafungua mdomo, na kikatoka Kiluguru cha mlimani kabisa, cha kuvuta maneno, ambacho hata mkewe mjini alikuwa ameanza kukipunguza.

"Inuka, Mzigua. Mama yako alikuuza kwa pishi ya mtama, na aliyekununua amerudi kudai mtama wake."

Nimetukanwa na watu wengi. Hakuna tusi lililoniingia tamu kama lile. Akaingia ndani, akatoka na kuku, akamtupa kifuani pangu. Nikainuka. Mama yetu akapita, ana kwao.

Akida alikuwa amesikia. Watu wote walikuwa wamesikia.

Hakumchapa, nimpe haki yake. Labda kwa umri wa mtu, labda kwa halua yote aliyoila. Lakini kabla matanga hayajaondolewa vizuri askari alikuja na jembe, na muuza halua akaenda na wengine kutengeneza barabara. Sufuria ya shaba niliihifadhi mimi, imefunikwa.

Nilimkuta kiangazi, njia ya Mlali, nikirudi na punda wangu na maharage niliyonunua. Jua kali. Watu wamejipanga wanachonga tuta na kujaza mashimo, nyapara amekaa kivulini. Yeye alikuwa mwisho wa mstari, kichwa wazi. Sikuwahi kukiona kichwa chake bila kilemba. Kilikuwa kidogo, cheupe kwa mvi. Nikamwamkia shikamoo. Akasema marahaba, akaegemea jembe. Nikampa maji.

Nilimwambia wazi kwamba sikulala pale ili kumvua nguo. Sikujua. Akasema anajua kwamba sikujua, na kama ningejua nikaacha kulala angenishangaa. Halafu akacheka, akaniuliza kama mkewe aliwahi kunisimulia mkorogaji wa Maskati. Nikasema alinisimulia, akaishia katikati.

"Alinifichia," akasema. "Yule mzee alimtania mke wangu kwanza. Kisha akageuka akanitazama miguuni, mimi na joho langu, akasema hata nikivaa ngozi ya sultani, magoti yangu bado yanapanda Uluguru. Nami nikamjibu. Sikufikiri. Nikamwambia lile la mtama. Mtu aliyeuzwa kweli, jirani. Nikamwambia aliyemnunua amerudi kudai. Nilipolimaliza ndipo niliposikia nilichosema."

"Akafanyaje?"

"Akaangusha mwiko. Akakaa chini anacheka, kisha analia, kisha siwezi kukuambia kipi ni kipi. Akanishika joho hapa, akasema, 'Nitukane tena, ndugu yangu. Tangu nichukuliwe hakuna aliyenitukana kikwetu.' Nikamtukana mpaka meli ilipotuita. Halua ikaungua, mwenye duka anapiga kelele, na mke wangu amekaa juu ya gunia la tende anafuta macho. Njia nzima ya kurudi hakuniuliza kitu. Akafika hapa akanitolea ushahidi wa mlango mbele ya akida."

Akapiga udongo kidogo kwa jembe, bila kazi.

"Ujanani nilikamatwa kubeba mizigo. Tulikwenda wawili na ndugu yangu, nikarudi peke yangu, na mgongo umechanika. Nikasema sitachapwa tena. Ndipo nilipojipatia babu. Alinifaa sana yule babu, sitamsema vibaya. Lakini siku ile umelala mlangoni unauliza kama mke wangu ana watu, ningemwambia nini? Kwamba nina babu Maskati?"

Nyapara akapaza sauti kutoka kivulini. Muuza halua akashika jembe, akapiga hatua mbili kurudi kwenye mstari, kisha akageuka. Miaka yote aliniita jirani, hata dakika ile ile iliyopita. "Mbona umenyamaza?" akasema. "Unanitazama kama mgonjwa. Nitukane, mtani."

Nikatazama ile barabara, imenyooka, imesawazishwa, haina jiwe. Nikamtazama yeye anavyoikanyaga.

Nikamwambia, "Tazama huyu. Barabara ameisawazisha mwenyewe, na magoti bado yanapanda mlima."

Alicheka mpaka jembe likamtoka mkononi, na nyapara akasimama kuona kuna nini.